Buli la Chai ya Maziwa

Leo nina neno na wafinyanzi, na pia na wewe unayenunua kazi zao. Nataka tuzungumze juu ya buli, lile birika la udongo linalokaa mezani likimimina chai vikombeni. Kila ninaposhika buli la udongo katika maduka na maonyesho ya sanaa hapa Nairobi, naona kitu kilichofinyangwa kwa ustadi, lakini kwa ajili ya chai ya watu wengine.

Hebu fikiria chai inavyopikwa nyumbani kwako. Uwe Riruta Satellite, Kawangware au Kabiria, sufuria hutengwa jikoni ikiwa na maji na maziwa. Majani yanatiwa, tangawizi iliyopondwa inaingia, na sukari wengine huitia humo humo. Chai inafura, unaiwahi kabla haijazima jiko, unairudisha motoni, kisha inachujwa na kuingia kwenye thamosi. Ikifika mezani, imekwisha kuwa chai. Buli la Kiingereza, ambalo ndilo linaloigwa sana, lilikusudiwa mpango mwingine kabisa. Majani makavu hutiwa ndani ya buli lenyewe, maji ya moto yakamwagwa juu yake, dakika chache zikapita, na maziwa yakangoja pembeni kwenye jagi lake. Kwa hiyo buli lile ni chombo cha kupikia. Sisi tunataka chombo cha kuandalia. Tofauti hiyo inagusa kila kiungo cha buli, na ndiyo ninayotaka mfinyanzi wa hapa kwetu Riruta aitafakari kabla hajalowesha mikono.

Usidhani kwamba tunachemsha kwa kutojua. Riruta iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, si 100. Ukiyamimina katika buli baridi, ukuta wa udongo unayapunguzia joto zaidi. Sufuria iliyo juu ya moto haina shida hiyo. Halafu kuna majani yenyewe. Mche wa kwanza wa chai nchini ulipandwa Limuru mwaka 1903, si mbali na hapa, lakini majani tunayonunua leo kwa pakiti mengi hupitia mashine za kuponda, kuchana na kuviringa, zinazojulikana viwandani kwa herufi CTC, ambazo zilibuniwa Assam, India, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kinachotoka ni punje ndogo nyeusi. Hutoa rangi upesi na nguvu nyingi, na huvumilia kuchemshwa na maziwa. Lakini ziingize punje hizo katika buli lenye kichujio cha udongo, na utaona balaa: nusu zinapita na kutua kikombeni, nusu zinaziba matundu. Kichujio kile kilitobolewa kwa ajili ya majani mapana.

Buli lenyewe ni la Wachina. Zamani walisaga chai ikawa unga, wakaikoroga kwa maji bakulini. Walipohamia kwenye majani mazima ya kuloweka, katika zama za watawala wa Ming, ndipo walipohitaji chombo chenye kifuniko na mrija. Mji wa Yixing ukajipatia jina kwa mabuli ya udongo wa rangi ya zambarau. Lipo moja lililofukuliwa Nanjing kwenye kaburi la mwaka 1533. Chai ilipovuka kwenda Ulaya, mabuli yalisafiri nayo, na kufikia miaka ya 1690 ndugu wawili wa ukoo wa Elers walikuwa wakiyaiga kwa udongo mwekundu huko Staffordshire, Uingereza. Kwetu yaliletwa na walowezi pamoja na jagi la maziwa na bakuli la vipande vya sukari.

Pwani, vyombo vya Kichina vilitangulia kwa karne nyingi. Nenda Mambrui uone lile kaburi la mnara lililopambwa kwa mabakuli ya kauri. Ila zile zilikuwa bidhaa za jahazini, za kuonyesha hadhi, na kwa kahawa wenyeji walikuwa na dele la shaba. Chungu cha mwenyeji kilibaki cha udongo mtupu, kilichochomwa kwa moto wa wazi.

Na kilifinyangwa bila gurudumu. Hapa kwenye ardhi ya Dagoretti, na Ukikuyuni kwa jumla, ufinyanzi ulikuwa kazi ya akina mama. Nyungu ilianzwa sehemu ya juu, mdomo na mabega, ikaachwa ishupae, kisha ikapinduliwa na kitako kikafungwa mwisho. Chungu hakikuzunguka, mama ndiye aliyekizunguka, ameinama, akirudi kinyumenyume. Jaluo ana dapi yake ya maji, Mluhya wa Kakamega ana vyungu vya Ilesi, na gurudumu halimo. Ukifuata Naivasha Road hadi itokee Waiyaki Way, utakuwa jirani na Kabete, ambako mfinyanzi Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alisomea uchoraji wa kibiashara kabla ya kwenda Uingereza. Katikati ya miaka ya 1970 alikaa katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja, Nigeria, kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew. Huko palikuwa na magurudumu, na palikuwa na Ladi Kwali aliyefinyanga vyungu vikubwa kwa mkono kwa namna ya kwao. Odundo alifuata mkono. Vyungu vyake leo vimo katika majumba makubwa ya makumbusho duniani, na havikuzungushwa kwenye gurudumu.

Basi kwa nini buli lizungushwe? Kwa sababu ya kifuniko. Mdomo wa buli na kifuniko chake vinatakiwa kuwa duara kamili, vyote viwili, ili kifuniko kikae vyema popote utakapokigeuzia. Mkono mtupu unaweza, ila gurudumu linafanya hivyo kwa dakika chache.

Tuchukue karakana ya kuwazia tu: kibanda cha mabati nyuma ya ploti, gurudumu moja la kupiga kwa mguu, ndoo mbili za maji, rafu za mbao. Gurudumu la mguu nalitaja makusudi. La umeme ni jepesi kwa mgongo na magoti, lakini stima hupotea, na ikipotea bonge lililo juu ya sahani halingoji irudi. La mguu ni diski nzito chini, mhimili wa chuma, beringi mbili na sahani juu. Fundi wa jua kali anayechomelea mageti anaweza kukuundia.

Udongo je? Huu mwekundu wa Riruta, ambao hujaa kwenye viatu vya watoto msimu wa mvua, ni mzuri kwa sukuma wiki na kwa migomba. Kwa gurudumu peke yake hautoshi, maana humomonyoka badala ya kunyumbulika. Ule mweusi wa upande wa Embakasi ni kinyume chake: unavimba kwa maji na kunywea ukikauka mpaka unapasuka wenyewe. Mfinyanzi hutafuta udongo wa bondeni, ule unaonata na kukubali kukunjwa bila kukatika, au hununua uliokwisha kuchanganywa. Halafu anaukanda. Wengi husema hukandwa ili kutoa viputo vya hewa, eti kiputo ndicho hulipua chungu tanurini. Kinacholipua hasa ni maji: chungu ambacho hakijakauka kikitiwa motoni haraka, maji yanageuka mvuke na mvuke unatafuta njia. Kiputo kina ubaya wake, lakini ubaya huo ni hapa kwenye gurudumu, kwani humvurugia fundi ukuta.

Sasa tumtazame. Bonge la kilo moja na robo hivi limepigwa katikati ya sahani. Mguu unasukuma diski. Viwiko amevibana mapajani, kwa sababu mkono unaoelea hauwezi kushindana na udongo unaozunguka. Anapandisha bonge liwe mnara, anaushusha, anaupandisha tena, mpaka akiegemeza kidole ubavuni, kidole hakirukiruki. Waliosema udongo uwahi ungali maji bila shaka walikaa karibu na mfinyanzi. Kidole gumba kinazama katikati na kuacha kitako cha unene wa sentimita moja. Mkono mmoja unaingia ndani, mwingine unabaki nje, na ukuta unabanwa kutoka chini kupandishwa juu, mara tatu au nne. Maji anayafyonza kwa sponji kila mara, maana ukuta uliolowa kupita kiasi hukaa kitako. Ukuta ukisimama, vidole vya ndani vinasukuma tumbo litokeze, kisha mikono yote miwili inakaba shingo. Ukingoni anabonyeza ngazi ndogo ya kukalia kifuniko, na kabla ya kukata kwa waya anaipima kwa kalipa.

Kifuniko kinafinyangwa siku hiyo hiyo na kwa udongo ule ule. Udongo hunywea asilimia 10 au 12 kutoka kwenye gurudumu hadi kutoka tanurini, kwa hiyo mdomo wa sentimita 9 unaweza kuishia karibu 8. Kifuniko cha bonge lingine, au cha juma lijalo, kina mwendo wake wa kunywea. Matokeo yake umeyaona madukani: kifuniko kinachocheza, au kinachokwama.

Lakini kinachompima fundi hasa ni mrija. Nao huzungushwa: koni ndogo, pana chini, inayokabwa na kukabwa hadi ibakie nyembamba juu. Na hapa udongo una tabia ambayo mgeni wa kazi hii hawezi kuikisia. Udongo hukumbuka. Ulipokabwa huku ukizunguka, ulijisokota ndani kwa ndani. Ukiingia katika moto mkali, unajisokotoa. Mrija uliokatwa ncha yake sawasawa mezani, unatoka tanurini ncha ikiwa imeegemea upande mmoja. Wanaojua kazi huikata ncha kwa mshazari tangu mwanzo, upande ulio kinyume, ili moto wenyewe ndio uinyooshe.

Kesho yake udongo umeshupaa kiasi kwamba ukiugusa hauachi alama, lakini kisu bado kinapita. Sasa ndipo buli linapounganishwa. Kitako kinachongwa. Mrija unakatwa chini kwa mshazari, unaegemezwa tumboni, unazungushiwa mstari. Ndani ya mstari ule, mfinyanzi wa kawaida hutoboa matundu madogo kumi au ishirini yawe kichujio. Hapa ndipo ninapomwomba wa Riruta asimame kidogo. Chai yetu imekwisha kuchujwa. Kilichosalia ndani yake ni mafuta ya maziwa, sukari na nyuzi za tangawizi, na juu, ikipoa kidogo, unatanda utando. Matundu madogo yatashika utando huo, na jioni utakuwa unayachokoa kwa kijiti. Toboa tundu moja pana, litakaloruhusu brashi ya chupa ipite mpaka nje. Kwa sababu hiyo hiyo mrija uwe mfupi na mpana shinani. Ule mrija wa shingo ndefu iliyopinda unapendeza kwenye picha, lakini hauoshwi.

Kanuni moja haibadiliki kwa chai yoyote: ncha ya mrija isiwe chini ya ukingo wa buli. Ikiwa chini, chai itamwagika mezani kabla buli halijajaa, na hakuna ufundi mwingine utakaofidia. Nyingine ni makali ya ncha. Umeona chai inavyokataa kuruka, ikajikunja chini ya mdomo na kuteremka kwenye ubavu wa buli hadi kwenye kitambaa. Mwaka 1956 mwanasayansi Markus Reiner aliliandika jambo hilo na kulipa jina la buli. Mwaka uliofuata mwanasayansi mwingine, Joseph Keller, akaeleza kwamba msukumo wa hewa ndio unaoubana mkondo wa chai dhidi ya mdomo, si kunata kwake. Tuzo ya Ig Nobel ya mwaka 1999, ile ya mzaha, ilimwendea mwenzake Jean-Marc Vanden-Broeck, na baadaye ikatambuliwa kuwa ya Keller pia, kwa hesabu zao za mrija usiodondosha. Kwa mfinyanzi haya yote yanaishia kwenye upana wa ukucha: chini ya ncha pawe na ukingo mkali unaokatiza mkondo, na glezi, ile ngozi ya kioo ya chombo, isiwe nene mahali hapo, maana glezi nene huuviringisha ukingo.

Mkono wa buli haufinyangwi kwenye gurudumu. Fundi hushika kipande kinono cha udongo kwa mkono mmoja, akaloweka mwingine, na kukivuta kwenda chini taratibu, tena na tena, kama akamuavyo ng'ombe, hadi kirefuke na kuwa bapa. Anakikata, anakipinda, anakigandisha kwa uji wa udongo mahali alipokwisha kukwaruza, mkabala na mrija. Nafasi ya vidole vitatu kutoka ukutani inatosha. Vikigusa tumbo vitaungua. Buli la lita moja likijaa lina karibu kilo moja ya chai tu, na uzito wa udongo juu yake, kwa hiyo mkono mwembamba wa urembo ni hatari kwa mwenye kumimina. Mwisho kifuniko kinatobolewa kitundu cha hewa cha milimita tatu hivi. Kisipokuwapo, chai hutoka kwa kwikwi.

Kukausha nako kuna visa vyake. Mrija ni mwembamba na hukauka kwanza, tumbo nene linafuata, na pale vinapoungana panapasuka. Dawa ni kufunika ili vyote viende pamoja. Zamani mfuko wa plastiki ulitosha, lakini mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu 28 Agosti 2017, kwa hiyo sasa ni kitambaa chenye unyevu ndani ya ndoo yenye kifuniko. Januari, upepo mkavu unapovuma, buli huhitaji ulinzi huo. Julai, na baridi yetu ya Dagoretti, hukaa majuma likiwa na unyevu na fundi akipiga miayo.

Moto wa kwanza hufika karibu nyuzi 1,000, na mwanzo wake ni wa polepole sana mpaka maji yote yaishe. Kwenye nyuzi 573 chembe za kwatzi zilizomo ndani ya udongo hubadili umbo na kutanuka ghafla. Ukipitia hapo kwa haraka, kupanda au kushuka, utasikia mlio na utajua ni nini. Baadaye inakuja glezi na moto wa pili, ambao kwa udongo unaovumilia hupita nyuzi 1,200. Buli huchomwa likiwa na kifuniko chake juu ili vipindike pamoja kama ni kupindika, na ngazi ya kifuniko hufutwa glezi kabisa. Tone moja likibaki pale, kifuniko hakifunguki tena.

Wachina wa Yixing huacha buli bila glezi makusudi, ukuta unywe chai mwaka baada ya mwaka. Usijaribu hilo na chai ya maziwa. Ukuta utakunywa maziwa, na siku ya tatu utajua kwa pua. Ndani pawe na glezi laini isiyo na risasi, tena ya rangi nyepesi, ili anayeosha aone alipofika. Nje afanye apendavyo.

Utaniuliza, na thamosi je? Thamosi inashinda kwa joto, sibishani. Chai iliyopikwa alfajiri itakuwa moto saa nne, na buli halitathubutu. Lakini thamosi haijawahi kuwa chombo cha wageni. Huwekwa mezani kwa sababu hakuna kingine. Buli ni la ile saa moja ambayo watu wameketi na kumimina ni sehemu ya mazungumzo. Lisuuze kwa maji ya moto kwanza, ulijaze, na litoshe vikombe vyetu, si vile vidogo vya sahani. Kwa familia ya watu watano, lita moja ni kidogo. Mfinyanzi afikirie moja na nusu, na mkono aunenepeshe kwa kadiri hiyo.

Bei itakuwa ya juu kuliko ya buli la kiwandani kutoka ng'ambo, na kwa hesabu ya kazi niliyokueleza hutashangaa. Kwa hiyo usinunue kwa macho. Omba maji. Lijaze hadi ukingoni uone kama mrija unavuja kabla. Limimine upesi, kisha ukate ghafla, upitishe kidole chini ya ncha: kikilowa, lirudishe rafuni. Liinamishe kabisa uone kifuniko kinashikilia kwa ngazi yake au kinataka kuanguka kikombeni. Ziba kitundu cha hewa kwa kidole wakati maji yanatoka. Yakikoma, ujue kifuniko kimekaa barabara. Mwisho chungulia ndani kwenye shina la mrija. Ukikuta matundu kumi na mawili madogo, mwambie fundi, kwa heshima, kwamba nyumbani kwako chai huchujwa ikitoka sufuriani, na umuulize lini atafinyanga lenye tundu moja.